Mukai, Aliyekataa Kusomewa Mithali

Mimi ni Mbithe, mdogo wake marehemu, na kwa niaba ya familia nawashukuru nyote mliofika. Haya nitakayoyasoma shemeji yangu Ndambuki ameyapitia, akaniambia nisiruke jambo lolote, hata yale yanayomhusu yeye mwenyewe.

Marehemu Mukai Ndambuki alizaliwa tarehe 14 Machi 1961 huko Mbooni, kifungua mimba wa Mzee Mwololo na Mama Rael, akasoma huko huko hadi darasa la saba mwaka 1975, akajifunza ushonaji mjini Machakos, na mwaka 1981 akaja Nairobi kuajiriwa katika duka la mapazia katikati ya jiji. Hapo alikutana na Ndambuki, karani wa bima katika jengo la jirani, wakafunga ndoa kanisani tarehe 7 Desemba 1985, na siku hiyo mchungaji alihubiri juu ya mke mwema wa Mithali, mahubiri ambayo shemeji aliyashika sana. Mungu aliwajalia Janice mwaka 1987 na Zadock mwaka 1990, wakahamia Mountain View.

Mwaka 1999 Mukai alifungua duka lake Dagoretti Corner, na kufikia 2002 alikuwa akiitwa Lavington kupima madirisha ya nyumba kubwa, jioni analetwa na magari ya wateja, kisha anaingia jikoni, anafua, anapiga pasi sare za watoto. Shemeji alikuwa ameomba mke mchapakazi, lakini alipompata, wivu ukamkaba: alitaka kujua dereva ni nani, mbona amejipaka manukato, mbona simu ilikuwa imezimwa, na mteja mmoja aliyefiwa na mkewe alipoagiza mapazia ya nyumba nzima, shemeji akamwambia Mukai achague duka au ndoa.

Januari 2004 tuliitwa kikao cha familia, mchungaji akiwepo, na shemeji akafungua Mithali sura ya thelathini na moja, ile ya mke mwema anayeamka kungali usiku, akamsomea mkewe mbele yetu. Dada yangu alisikiliza hadi mwisho, ndipo akasema, bila kupandisha sauti, "Baba Janice, mume wa huyo mama alikaa langoni na wazee wa mji. Wewe unakaa langoni kuangalia nimeshushwa na gari gani."

Wiki iliyofuata shemeji aliomba ruhusa kazini akamfuata Lavington, akitarajia kufumania, na alichokuta ni mkewe amesimama juu ya ngazi, utepe wa kupimia shingoni, anacheka na mafundi, na mwenye nyumba anangoja aambiwe pazia lipi litafaa. Ameniambia kicheko kile kilimuuma kuliko mwanamume yeyote, kwa sababu wageni walikuwa wakikipata mchana kutwa, na yeye usiku aliletewa mtu aliyechoka. Akaenda akaishika ile ngazi. Tangu hapo kila Jumamosi walikwenda pamoja, na nyumbani akaanza kupika, vibaya mwanzoni, ingawa wivu haukumtoka kabisa. Hata baadaye Mukai alipolazwa, shemeji alimnunia muuguzi wa wodini aliyemchekesha mkewe.

Juni 2006 Mukai aligunduliwa kuwa na saratani ya titi, akafanyiwa upasuaji, akapata nafuu, ikarudi mwaka jana. Shemeji aliacha kazi, akamwuguza, akamwogesha kwa mikono yake. Mwezi uliopita kina mama wa kanisa walimwuliza Mukai kama wangemsomea Mithali siku kama ya leo, naye akawajibu, "Tafuteni neno lingine. Huyo mama alikuwa na wajakazi. Mimi nilikuwa peke yangu, mpaka huyu alipojifunza kusonga ugali." Kwa hivyo sura hiyo leo hatutaisoma. Alituacha Jumanne tarehe 9 Septemba 2008, alfajiri, mkono wake ukiwa katika mkono wa mumewe.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, akiwemo yule aliyenuniwa, majirani wa Mountain View, mafundi na wateja wa Dagoretti Corner na Lavington, na wenzake shemeji wa zamani kazini.

Dada, leo hakuna anayengoja uamke wa kwanza. Pumzika kwa amani.