Korongo 212 wa Bwawa la Juu

Jumatatu, tarehe 31 Machi. Asubuhi mawingu mepesi, upepo wa kusini, matope mpaka vifundoni. Ndivyo alivyofungua daftari lake kila siku ya kazi, na ndivyo ninavyofungua wasifu huu, kwa sababu siku hiyo mhesabu ndege wetu, tuliyezoea kumwita Mama Kunde, alistaafu baada ya miaka thelathini na minne ya utumishi.

Mhariri wa jarida hili ameniagiza niandike kwa furaha na nisimguse mtu. Hilo la kwanza nitajitahidi.

Jina alilipata kazini. Kila alipohesabu ndege mia, alihamisha punje moja ya kunde kutoka mfuko wa kulia kwenda wa kushoto. Alasiri aliumwaga mfuko wa kushoto juu ya meza yangu masjala, tukahesabu pamoja, nikaandika. Ofisi inavyo vihesabio vya kubonyeza, kumi na viwili. Vyote vimo kabatini ndani ya maboksi yake, visije vikaonwa na ndege.

Kwa kunde hizo aliwapokea ndege wa kaskazini waliotua kwenye mabwawa yetu mawili, la juu na la chini, kula na kupumzika kabla ya kuendelea na safari. Aliwatambua kitwitwi kwa mwendo wao kabla jua halijaonyesha rangi zao. Aliwafundisha kazi watu saba. Wanne kati yao walihamia ofisini mara tu walipojifunza kufunga tai.

Mkuu wetu wa kitengo hakuhitaji mafunzo. Siku moja alimkuta Mama Kunde akijaza mfuko, akamuuliza, "Mama, hizo kunde unapika saa ngapi?"

"Nikishamaliza kuhesabu, bosi," akajibiwa. "Wewe kaa mkao wa kula."

Pengine ndiyo sababu, miaka sita iliyopita, mkuu aliamua kuhesabu mwenyewe. Mama Kunde alikuwa amelazwa na homa. Mkuu akafika bwawa la juu saa nne, jua limeshakuwa kali, akiwa na viatu vya ngozi. Hakushuka garini. Alitoa darubini dirishani na kuhesabu korongo weupe mia mbili na kumi na wawili, wametulia kama wamepangwa. Na walikuwa wamepangwa kweli. Vilikuwa viroba vya mbolea ambavyo wakulima wa mpunga walivivisha vijiti ili kufukuza ndege.

Dereva, mtu wa heshima zake, alijaribu kumwokoa. "Bosi, hawa korongo mbona wana maandishi ubavuni?"

"Hizo ni alama za watafiti," alisema mkuu, akaandika 212, akaweka sahihi.

Mama Kunde alipopona alikwenda kule kwa miguu, akahesabu. Korongo: hakuna hata mmoja. Viroba: 209. Yaani hata viroba mkuu alivikosea.

Tungecheka yakaisha, lakini takwimu ile iliingia kwenye taarifa ya mwaka, na taarifa ndiyo iliyotumika kupanga hifadhi. Bwawa la juu likaandikwa kituo cha korongo. Bwawa la chini, wanakotua korongo wenye damu na manyoya, likawekwa kwenye orodha ya maeneo ya kufukiwa ili liwe karakana ya magari. Kwa kanuni zetu, takwimu husahihishwa na aliyeiandika tu, mbele ya mhesabu aliyegundua kosa, akiwa bado kazini. Mama Kunde aliandika barua kumi na moja. Zote nilizigonga muhuri mimi, na tarehe ninazo. Zote zilijibiwa kuwa suala linafanyiwa kazi. Sikujua kuwa kukalia karatasi nako ni kazi.

Orodha ilikuwa ifungwe tarehe 31 Machi, saa kumi alasiri. Baada ya siku hiyo Mama Kunde asingekuwa mhesabu wa mtu yeyote.

Sherehe ya kumuaga ilianza saa nane, kwa soda na biskuti. Mkuu alihutubia dakika hamsini, nyingi zikiwa juu ya mapenzi yake kwa ndege, kisha akamkabidhi saa ya ukutani. Mama Kunde akaipokea kwa mikono miwili, akailaza mezani kifudifudi, na juu yake akaweka fomu ya masahihisho na kalamu.

"Ahsante kwa saa, baba. Mimi huamka bila kuamshwa. Zawadi niliyoitaka ni sahihi yako."

"Mama, leo siku ya furaha. Mambo ya ofisi tutayaona kesho."

"Kesho mimi si mtumishi."

Mkuu akatazama huku na huku kama mtu anayetafuta gari lake. Ndipo dereva akasema kutoka nyuma, "Msainie, bosi. Hata ukiandika ubavuni, tutajua ni alama ya watafiti."

Watu walicheka mpaka soda zikamwagika. Mkuu akasaini. Niligonga muhuri saa tisa na dakika arobaini, nikateremka nayo ngazi mwenyewe hadi inakofungwa orodha, sikumpa tarishi. Bwawa la chini limetolewa kwenye orodha ya kufukiwa. Mkuu, nasikia, ameshaanza kueleza jinsi alivyoliokoa.

Mama Kunde, kwa miaka thelathini na minne umeaminika kuliko taarifa zetu zote. Ahsante kwa kila punje. Tunakuombea afya, miguu mikavu na asubuhi zisizo na haraka.

Daftari lake lilifungwa kila siku kwa saa aliyolala, na katika miaka hii sita, kila msimu wa ndege, nilisoma saa sita, saa saba, saa nane za usiku. Binti yake ameninukulia mstari wa tarehe 31 Machi: korongo bwawa la chini, 340. Nimelala saa mbili na robo.