Dawa ya Nywele Ndani ya Kichupa cha Upako

Bwana asifiwe, ndugu zangu! Sogeeni mbele kidogo, maana haya sitaweza kuyasema mara mbili.

Mnanijua, Mama Neema wa Ilomba, mwimba kwaya. Na kilemba changu mnakijua. Mlidhani ni utakatifu! Ilikuwa aibu. Baada ya kumzaa Neema nywele zilikatika mpaka utosi ukabaki wazi. Nikanunua dawa ya maji ya kuotesha nywele, minoksidili, bila kumwona daktari, na karatasi ya maelekezo nikaitupa. Kwa kumwogopa mama mkwe, tunayeishi naye, nikaimimina kwenye kichupa changu cha mafuta ya upako, nikakiweka kabatini kando ya Biblia. Nani angekigusa?

Ndugu zangu, mama mkwe alikigusa! Kila asubuhi, kabla ya kwenda kwenye viazi vyake Uyole, humpaka mjukuu wake upako kwenye paji la uso na kifuani. Wake ulipoisha, akachukua wangu. Mimi nilikuwa nimeshatoka kwenda sokoni, sikujua.

Neema, miezi saba tu, akaota vinyweleo usoni. Watu wakacheka, eti amemfuata babu yake. Kisha akawa analala tu, halii hata kwa njaa, na moyo wake unakimbia chini ya kiganja changu. Hata wangu ulienda mbio kila nilipopaka ile dawa, nami nikakemea nikidhani ni vita vya kiroho. Tukafunga, tukaomba, na mama mkwe akazidisha upako!

Tulipompeleka hospitalini, daktari aliona vile vinyweleo, akauliza kama kuna mtu nyumbani anayepaka dawa ya nywele. Nikasema hapana. Jamani! Mtoto amelegea mikononi mwangu, nami nalinda kilemba! Akauliza mtoto anapakwa nini. Mama mkwe akafungua mkoba, akatoa kichupa changu.

"Ni upako tu, daktari."

Nikavua kilemba mbele ya watu wote.

"Mama, hayo si mafuta. Ni dawa yangu ya nywele."

Alinitazama kichwani, kisha usoni. "Mwanangu, umenifanya nimpake mjukuu wangu sumu kwa jina la Yesu?"

Swali hilo ninalo hadi leo.

Walimlaza Neema, wakawa wanampima mapigo kila saa. Siku tatu sikutoka kando ya kitanda chake. Siku ya nne alilia kwa njaa, ndugu zangu, nami nikapiga magoti pale pale wodini!

Daktari alisema dawa ile huwasaidia wengine, ila ina madhara yake: muulize daktari kwanza, na mtoto asiifikie. Mwenye kichupa anachokificha akiseme leo, kabla mwingine hajakifungua. Mwamini Mungu, utosi wako anaujua tangu zamani.

Mama mkwe yule pale nyuma, amempakata Neema. Bado haniiti mwanangu kama zamani. Niombeeni. Nami nimesimama hapa bila kilemba, ili aone kwamba sifichi tena.