Darasa la Mama Lagimaina Halifungwi

Wachungaji, wazee wa ukoo, ndugu na majirani, mimi ni Petelo, mtoto wake wa kwanza, na nimepewa kazi ya kuwasomea maisha ya mama yetu, Lagimaina Seumanu, aliyezaliwa tarehe 14 Mei 1951 kijijini Safotu, kisiwani Savaii, kwetu Samoa, akasoma hapo hapo hadi darasa la nane, akafunga ndoa na marehemu baba yetu, Ekuasi, tarehe 4 Desemba 1976, wakahamia ng'ambo, hapa Mangere kwa wasemao Kiingereza, mwaka uliofuata, ambako alifungasha kuku kiwandani kwa miaka ishirini na sita.

Walijaliwa watoto wawili, mimi mwaka 1978 na mdogo wangu Tialuga mwaka 1984. Nilipoanza shule, mwalimu alifika nyumbani akasema, "Mama, lugha mbili zitamchanganya mtoto, ongeeni naye Kiingereza tu," naye kwa kuwaheshimu walimu akatii, kosa ambalo hakujisamehe.

Tarehe 13 Oktoba 1985, Jumapili ya Watoto, nilisimama kanisani nimevaa nyeupe, nikaghani aya kumi na mbili za Kisamoa bila kukosea hata moja, watu wakafuta machozi, kumbe nilikuwa kasuku tu, maana tulipoketi kula majimbi kwa tui, babu aliyekuja kutoka Safotu aliniuliza kwa Kisamoa, "Umeshiba, mjukuu wangu?" nami nikabaki kumkodolea macho. Babu akamgeukia Mama, "Lagi, umenizalia mgeni?" Mama alilia mbele za watu.

Jumamosi iliyofuata alitoa gari bandani, akatandika mikeka, akakusanya watoto wa mtaa awafundishe Kisamoa, na sharti likawa moja, hakuna kughani neno usiloweza kulieleza. Jamani, alisemwa mama wa watu! Wengine mko hapa hapa, msiinamishe vichwa. Mlimwambia watoto watafeli, "Kisamoa kitawapa kazi gani, Lagi?" naye akawajibu, "Nileteeni aliyefeli kwa sababu yangu," na kwa miaka karibu arobaini hamkumleta hata mmoja, kwa sababu mtoto aliyezoea kuuliza maana ya neno kule bandani aliendelea kuuliza hata kwenye Kiingereza na hesabu. Mimi niliona haya kukaa na wadogo, nikaenda zangu kucheza raga, Tialuga akakulia pale mkekani.

Figo zilianza kumsumbua Machi 2022, akalazwa tarehe 29 Julai 2024, na siku zile Kiingereza kilimtoka chote kichwani, akabaki na Kisamoa tu, na Tialuga, ambaye ni muuguzi, akamweleza kila alichosema daktari, wakacheka, wakasali, wakaagana, nami nimeshika mkono tu. Alifariki Jumanne, tarehe 6 Agosti. Neno lake la mwisho kwangu nilitafsiriwa na mdogo wangu, na inaniuma, inaniuma sana.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani mliotupikia, na wenzake Mama wa kiwandani. Na ninyi mnaonong'ona hapo nje kwamba darasa limekwisha, sikieni vizuri, Jumamosi saa tatu asubuhi banda litafunguliwa, Tialuga atafundisha, nami na miaka yangu arobaini na sita nitakaa mkekani na watoto wa miaka mitano, atakayecheka acheke.

Mama, pumzika salama, mwanao anakuja darasani.