Shimo Lililommeza Bi Manyunyu

Wasikilizaji wapendwa, leo nimeingia studio na hasira. Nimekaa nayo siku tisa. Mkuu wangu wa kazi kaniomba niiache mlangoni, nikamwambia mlangoni haienei.

Tunamkumbuka mama mmoja. Alikuwa dobi. Mtaani kwake walimwita Bi Manyunyu, kwa sababu alipenda mvua. Narudia, maana najua mnashangaa: alikuwa dobi, na alipenda mvua. Madobi wenzake wakiona wingu wananuna, nguo za watu hazitakauka. Yeye akiona wingu anatoa kiti barazani na kuagiza chai.

Amefariki akiwa na miaka sitini na moja. Alitumbukia kwenye shimo la mtaro, mbele ya nyumba yake, saa tisa alasiri, mchana kweupe. Shimo halikuwa na mfuniko. Leo ni siku ya tisa, na shimo bado halina mfuniko. Hilo ndilo lililonileta hapa.

Juzi nilikwenda nyumbani kwake. Chumba cha mbele ndicho alichofanyia kazi. Kamba zimefungwa toka ukuta hadi ukuta, ukiingia unainama. Juu ya meza kuna blanketi la kijivu, na katikati limeungua umbo la pasi. Mashati ya wateja bado yananing'inia, kila moja na uzi wa rangi kwenye ukosi ili asimchanganye mtu na mtu. Hakuna aliyekuja kuchukua shati lake. Nadhani watu wanaona haya, na waone.

Binti yake, karani wa shule, alinikaribisha kiti. Akaniambia, "Mama alikuwa na sheria nyingi za mvua kuliko sheria za nyumba." Nikamwomba anitajie. Alianza kucheka, kisha akalia, kisha akanitajia.

Mvua ya kwanza watoto hawaogi. "Hiyo ni ya mapaa," mama alikuwa akisema, "inaosha mavi ya ndege. Subirini inayofuata." Inayofuata ikija, anawafungulia mlango mwenyewe. Watoto wa mtaa mzima wanajaa uani kwake, wanaruka, wanapiga kelele, naye anapiga makofi. Wakimaliza wanapanga foleni. Taulo kavu, kichwa kwanza, kisha katikati ya vidole vya miguu. Hapo hakuna mjadala. Maji ya kunywa yachemke mpaka yatokote, siyo mpaka yapate uvuguvugu. Makopo yote yafudikizwe. Akikuta kopo lina maji mlangoni kwako anakugongea: "Jirani, unafuga mbu? Si bora ungefuga kuku, tukapata mayai!" Na shati bichi halitoki mikononi mwake, hata uwe na harusi.

Mumewe ni fundi viatu. Mzee wa maneno machache. Alisema, "Miaka thelathini na nne ananigombeza kwa soksi mbichi. Mimi, fundi viatu. Na kila mara alikuwa na haki."

Basi huyo ndiye tuliyempoteza. Mtu aliyeijua mvua, akaifurahia, akawafundisha wengine waifurahie bila kuugua. Mvua haikumuua. Tumemuua sisi, na nitawaeleza tulivyofanya.

Mfuniko wa shimo lile ulivunjwa na lori miaka miwili iliyopita. Wenyeji wakaripoti. Wahusika wa mitaro wakaja, wakapima kwa futi, wakapiga picha, wakaondoka. Miaka miwili. Wenyeji wakaweka ubao. Lakini mvua ikizidi, maji yanajaa barabarani, na mtaa ule una desturi yake: mtu anatoka, anainua ubao, maji yanateremka haraka, nyumba zinapona. Kisha mtu huyohuyo anachomeka mti penye shimo ili watu waliepuke. Mti ule una kitambaa chekundu. Kitambaa alikitoa Bi Manyunyu, kwenye shuka lililochanika. Alikifunga mwenyewe.

Desturi ya kijinga? Ndiyo. Lakini mtu akikunyima mfuniko miaka miwili, utabuni ujinga wako ili usiku ulale pakavu.

Sasa nije kwangu. Mnanijua, asubuhi mimi ndiye yule wa salamu na vichekesho. Bi Manyunyu alinitumia ujumbe mara tatu. Mara tatu. Akaniomba niwataje wahusika hewani, waje wafunike shimo kabla mvua kubwa hazijaanza. Ujumbe wa kwanza sikuusoma. Wa pili sikuusoma. Wa tatu niliusoma, nikasema, "Bi Manyunyu, shimo lenye miaka miwili si shimo tena, ni mtoto. Mpeleke chanjo!" Fundi mitambo akaangua kicheko, nikapiga muziki.

Nilimuuliza mzee kama mkewe alisikia. Akasema, "Alisikia. Alicheka kidogo. Halafu akasema, huyu kijana naye hana msaada."



Siku yenyewe ilikuwa hivi. Mvua ilianza saa sita. Ubao ukainuliwa, mti ukachomekwa, kila kitu kama kawaida. Saa tisa kasoro watoto wanatoka shule, barabara imekuwa mto. Bi Manyunyu alikuwa na utaratibu wake kwa siku kama hizo. Anachukua kamba ya kuanikia nguo, anakwenda kona ya mtaa, anawapanga watoto nyuma yake. Kila mmoja anashika kamba. Yeye anatangulia. Siku ile walikuwa watano, mdogo ana miaka sita, mkubwa kumi na moja. Wawili ni wajukuu zake.

Maji yalikuwa ya udongo, chini hakuonekani kitu. Njia aliijua kwa mti tu. Akiuona mti wenye kitambaa chekundu, anapita mbali nao. Aliuona. Akapita mbali nao. Na shimo lilikuwa pale alipokanyaga.

Kwa sababu mti ulikuwa umehamishwa. Narudia, wasikilizaji wapendwa: mti ulikuwa umehamishwa. Jirani mmoja, muuza rangi, alirudi nyumbani na gari. Mti ulimzuia. Akashuka, akaung'oa, akauchomeka pembeni karibu na ukuta, hatua sita kutoka penye shimo. Akapita kando ya shimo.

Nilimkuta dukani kwake, amekaa katikati ya makopo, hajanyoa. Akaniambia, "Niliuchomeka pale ili usichukuliwe na maji. Nilisema nikishaegesha gari nitaurudisha."

Nikamuuliza, "Ulirudi?"

"Nilikuwa nimelowa. Nikabadilisha nguo. Nikanywa chai kwanza."

Nilitaka kumtukana. Maneno yalinifika mdomoni. Kisha nikakumbuka chanjo ya shimo, nikayameza.

Mjukuu mkubwa ndiye aliyesimulia mwisho, na nimeruhusiwa na mama yake kuyasema. Alisema bibi alizama mpaka kifuani, akashika ukingo kwa mkono mmoja. Mkono mwingine ulikuwa na kamba. Maji yalikuwa yanamvuta, kamba ikakaza, na yule mdogo wa miaka sita akaanza kuburutwa. Watoto walikuwa wanavuta kwa nguvu zao zote, wanataka kumtoa. Bibi akawatazama. Akasema, "Rudini nyuma." Kisha akaiachia kamba.

Aliiachia mwenyewe. Watoto wote watano wako hai. Hakuna aliyepata hata mafua.

Nimewapigia simu wahusika wa mitaro kila siku tangu mazishi. Siku ya kwanza mwenye faili yuko likizo. Siku ya tatu faili limepatikana, lakini ukurasa wa vipimo umelowa. Umelowa! Jana dada mmoja wa mapokezi akaniambia kwa sauti tamu kabisa, "Kaka, tunasubiri mvua zipungue ndipo tuanze kazi." Dada yangu, na wewe najua unanisikiliza: mvua zikipungua shimo litakuwa halina haja nanyi. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Nyinyi hamkuziba, sisi hatukuwashurutisha, na ukuta haukujengwa. Limechimbwa kaburi.

Kwa mzee fundi viatu, kwa binti, kwa wajukuu, kwa mtaa mzima: kituo hiki kinatoa pole. Nilipompa mzee pole hiyo mkononi, hakuipokea. Alikuwa anashona soli, hakuinua kichwa. Alisema, "Mwanangu, pole nimejaziwa nyumba. Sina pa kuziweka. Kuna mtu ana mfuniko?"

Sikuwa nao. Nimekuja na redio tu.

Basi nawaomba tafakuri, lakini siyo ile ya kukaa kitini na kutikisa kichwa. Unalijua shimo la mtaani kwako. Unajua nani aliung'oa mti, na kama ni wewe, unajua pia. Huko nje ya studio mvua imeanza, naisikia juu ya bati. Watoto wenu watataka kutoka kucheza, na wana haki ya kucheza. Kipindi kimebakiza dakika kumi na moja. Sitapiga muziki wala sitasoma salamu, nitanyamaza dakika zote hizo. Zima redio. Vaa viatu. Nenda ukalifunike.