Mélanie Bulonza, Aliyepatanisha Vitone

Mélanie Bulonza alizaliwa Kalehe tarehe 14 Machi 1984, binti wa Papa Blanchard, aliyekwisha kututangulia, na Maman Déborah, aliyeketi hapa mbele. Utotoni alichelewa kula kwa kutazama vitone vya mawese juu ya mchuzi wa maharagi.

"Mama, juu ya nini hii mbili inaungana na ile inakataa?"

"Kula kwanza. Ile inakataa utaimeza pia."

Alisoma Kalehe, kisha Bukavu, alikopata diploma ya serikali ya kumaliza sekondari mwaka 2003 na licence, yaani shahada, ya kemia mwaka 2009.

Swali la mchuzi lilimfuata kazini, maabarani. Alitengeneza vitone vya majimaji kwa nyuzi za DNA, zile zinazobeba urithi wa viumbe. Vitone vyenye nyuzi za ncha zinazopatana viliungana vilipokutana. Visivyopatana viligusana vikaachana. Mélanie alibuni uzi wa tatu wa kuvishikanisha vilivyokataana, viungane pale tu alipotaka yeye. Kwa kuwa umeme wa maabara ulikatika ovyo, nyuzi hizo alizihifadhi nyumbani Cimpunda, katika friji la umeme wa jua.

Mwaka 2012 alifunga ndoa na Papa Pascal. Hawakujaliwa mtoto. Shemeji yake Adalbert hakukosa kuwaambia wageni karamuni: "Bibi ya kaka yangu anazaa matone." Watu walicheka. Wengi wao wako hapa.

Figo zilianza kumsumbua Januari 2024. Kitandani aliomba jambo moja: nyuzi zake zimfikie salama Gloire, mwanafunzi wake, ili jaribio la uzi wa tatu, lililofaulu mara moja tu, lirudiwe mbele ya mashahidi. Lisiporudiwa, hakuna atakayeliamini. Alifariki tarehe 9 Juni, asubuhi.

Adhuhuri ilipofika, friji lilikuwa limekwisha kutolewa uani ili lipoze vinywaji vya kilio. Gloire alisimama mbele ya friji, akamwambia Adalbert:

"Tonton, maman Mélanie alisema isiguswe."

"Iko mayi tu," Adalbert alimjibu, huku akimwaga kichupa kimoja cha nyuzi baada ya kingine mtaroni. "Bageni batakunywa bia ya moto?"

Hakuna aliyemshika mkono. Kuwanywesha waombolezaji ni desturi njema. Kumwaga kazi ya marehemu ili wanywe ni kumuua mara ya pili, na desturi ya namna hiyo ikome leo, kaburini hapa.

Ameacha mama, mume, Gloire asiye na uzi hata mmoja, na friji lililojaa. Baada ya maziko mtakaribishwa, na bia itakuwa baridi. Mélanie naye, Mungu ampe amani aliyonyimwa nyumbani kwake.