Mizani ya Dada Yasinta

Kijiweni kwa Mzee Mhina, pale Kilole, kahawa ya asubuhi ile ilinyweka kwa habari moja tu: afisa wa vipimo kapita sokoni na kuondoka na mizani ya Yasinta, muuza maharage wa kutoka Lutindi. Sahani ya kuwekea maharage ilipotoboka, Yasinta aliweka mfuniko wa sufuria mahali pake, nao ni mwepesi. Kumbe mwaka mzima kila kilo yake ilikuwa inazidi konzi nzima, akijipunja mwenyewe. Afisa alimwonea huruma, akataka kumwachia kwa onyo. Yasinta akakataa. Akamwambia kama ingekuwa inawapunja watu ungeniandikia faini, basi niandikie. Akalipa, risiti akaitundika juu ya magunia.

— Yule ni mwanamke na nusu, alisema Adamu, fundi cherehani aliyewahi kutoa ushahidi mahakamani mara moja, jina la Hakimu likamganda. Wahenga hawakukosea, mgema akisifiwa tembo hulitia maji.

— Hiyo ni ya kumsema mtu vibaya, alisema Mzee Mhina.

— Inategemea na tembo lenyewe, mzee.

Fransisko wa bodaboda, ambaye wote humwita Redio, alisema wenzake hawajui siasa. Yasinta anautaka udiwani, na ile faini ndiyo fomu yake.

— Udiwani mdogo, alisema Hakimu. Yule hakuwa afisa. Katumwa kutoka juu, azunguke Handeni mpaka Korogwe amtafute mwaminifu mmoja. Keshampata. Mtamwona kwenye noti.

Sadala, fundi baiskeli, alicheka nao, lakini kikombe chake alikiweka chini kingali kimejaa. Mkewe Fatu ana duka na mizani iliyopigwa muhuri. Tangu mfungo wa Ramadhani alikuwa ameyapima maharage aliyonunua kwa Yasinta, akaiona ile konzi, akamwambia mumewe afunge mdomo. Sadala akaufunga. Kila Yasinta alipolalamika kwamba gunia linaisha kabla ya hesabu kutimia, yeye alimpa pole.

Mara Yasinta mwenyewe akatokea. Alimwamkia Mzee Mhina shikamoo, kahawa akaikataa. Kesho ni gulio la Kwedizinga, alisema, na asipouza hana mtaji wa kufuata maharage mengine mlimani.

— Sadala, nilikuwa naomba mizani ya Fatu, ya kesho tu.

Yasinta akafikiri kidogo.

— Hivi Fatu hajawahi kuyapima maharage yangu?

Redio akaangalia pikipiki yake. Hakimu, ambaye naye hununua kwa Yasinta kila wiki, akainamia kikombe kilichokwisha kitambo.

— Aliwahi, alisema Sadala.

— Akasemaje?

— Akasema nisikwambie. Na mimi sikukwambia. Nisamehe, dada.

Yasinta alimtazama sana, kisha akacheka kidogo, kicheko cha mtu aliyechoka. Sadala aliona aibu, na bado akamstahi kuliko alivyomstahi asubuhi.

— Jioni naifuata, alisema Yasinta. Na mwambie Fatu, akija kununua nitampimia kwa hiyohiyo yake.