Shingo Nje, Mabega Ndani

Usinikunjie uso, Mwalimu. Nimekuona ulivyomkonyeza dada yako, kwamba bi mkubwa ameanza kuweweseka, tumwache amalize tukamlaze. Siweweseki. Homa ninayo, ndiyo, na teksi inanisubiri nje kunipeleka wodini, na daktari ameniambia, kwa upole wa mtu aliyezoea, nibebe nguo chache tu. Lakini kichwa changu kimekaa mahali pake, na mwenye kubisha haya nitakayosema na abishe nikishaondoka, mtakuwa na muda wa kutosha. Mimi niliishia darasa la saba, na wewe ni mwalimu mkuu mwenye vyeti vilivyotundikwa sebuleni mpaka ukuta umelalamika. Hata hivyo, lile ua lililoota ukutani karibu na bomba, ninyi watatu mlilipiga picha kwa simu zenu mkashindwa, na mimi nililitambua kwa jembe. Sikilizeni wanangu, na asinyanyuke mtu.

Mnakumbuka lilivyotoka. Mvua mbili tu, na udongo uliokuwa mgumu kama kisigino cha mchukuzi ukatoa bua nene kama kidole gumba changu, uchi, bila jani hata moja, na juu yake maua manne yenye midomo ya tarumbeta, meupe, yenye mistari myekundu kama macho ya mlevi asubuhi. Kwamba ni la jamii ya yungiyungi, hilo hata mimi niliona. Simu ya Mwalimu ikasema ni yungiyungi la bondeni. Simu ya dada yake ikasema ni kitunguu saumu. Simu ya Kitindamimba ikasema chaji imekwisha, na hiyo peke yake ndiyo iliyosema kweli siku ile. Kisha mkaanza kunieleza limefikaje. Wewe, Bi Vioo, uliyezungukwa na vioo huko saluni kwako mpaka umesahau kwamba watu wengine nao wana nyuso, ukasema mbegu imeletwa na ndege. Kitindamimba akasema ni upepo. Mwalimu akasema ling'olewe upesi, huenda lina sumu. Nami nikawaitikia ndiyo, ndiyo, kama mtu anayepisha kuku mlangoni.

Baba yenu alifanya kazi kitaluni miaka thelathini na mmoja, akiotesha maua ya kupamba bustani za watu wengine, na ninyi mkamwita Kucha Udongo. Mlidhani hasikii. Alisikia. Siku za wazazi kuitwa shuleni alikuwa anasugua vidole kwa jiwe mpaka vinatoka damu, na wewe Mwalimu, siku alipokuletea viatu ulivyosahau, uliwaambia wenzako kwamba yule ni mtumishi wetu. Alirudi akanisimulia huku anacheka. Sikumcheka yeye wala sikukuchapa wewe, na kosa ni langu, maana mtoto umleavyo ndivyo akuavyo, na mimi nimelea nyoka watatu kwa maziwa ya bure. Hakuna hata mmoja wenu aliyetaka kufundishwa kazi yake. Mimi ndiye niliyekuwa nikimtazama, kwa sababu sikuwa na sinema nyingine ya kutazama. Kitunguu cha ua baba yenu hakukifukia chote. Shingo nje, mabega ndani, ndivyo alivyokuwa akisema, na chini yake aliweka kigae, mgongo wake ukitazama juu, ili maji yapite pembeni kitunguu kisioze. Wenzake kitaluni walimcheka kwa kigae hicho, na hakuna aliyemwiga.

Basi ninyi mlipokwisha kuondoka na simu zenu, nikachimba. Shingo nje. Mabega ndani. Na chini, kigae.

Sasa, baba yenu ana miaka sita kaburini, na mtu aliyechoka namna ile hafufuki kwa ajili ya kupanda ua. Nikakifuta kigae kwa mate na pindo la nguo. Kilikuwa kipande cha sahani yangu yenye ukingo wa buluu, ile niliyoiacha nzima kabatini siku nilipokwenda kutolewa mtoto wa jicho. Siku tisa nililala hospitali. Nilipotoka hapa sahani ilikuwepo, niliporudi haikuwepo, nikasema imekwenda kama vinavyokwenda vitu vyangu vingine mkipita humu ndani. Kwa hiyo aliyelipanda lile ua aliingia nyumba hii ndani ya siku tisa zile, na mikono yake ilifundishwa na baba yenu. Mwalimu, hesabu hiyo ni ya darasa la ngapi?

Ngojeni nimeze mate. Kifua hiki kimekuwa gunia la kokoto.

Mnakumbuka nilivyorudi na kitambaa jichoni. Nikasikia harufu ya sabuni tangu langoni. Shuka zimefuliwa na kukunjwa, sufuria zimesuguliwa mpaka chini, tandabui la juu ya dari ambalo mimi mwenyewe nilishakata tamaa nalo limeondolewa. Mwalimu ukaniambia, tumeshinda hapa siku tisa, mama, mikono imetoka malengelenge. Nikaupapasa mkono wako, ulikuwa laini kama sabuni iliyolowa, na bado nikakuamini, kwa sababu nilitaka kukuamini. Nililia. Niangalieni vizuri: mimi, ambaye sikulia kwenye mazishi ya baba yenu wala ya mama yangu, nilikaa kwenye kiti hiki nikalia kwa shukrani, na jicho lililoshonwa likaniwasha usiku kucha. Mkayapokea machozi yangu ninyi watatu, mkayagawana, mkaenda zenu.

Nilipomaliza kukitazama kile kigae nikavaa viatu nikaenda kitaluni. Sikuuliza mtu. Nilipita katikati ya matuta nikitazama shingo za vitunguu. Kwenye tuta la mwisho, karibu na pipa la mbolea, zote zilikuwa nje, na mwanamke mwenye buti za mpira ameinama, miaka yake thelathini na kitu, na alipoinuka nikaliona paji la uso la baba yenu limekuja kunisalimia.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Nani alikufundisha kuacha shingo nje?"

Akajifuta mikono kwenye aproni, polepole, kidole kimoja kimoja. "Ile sahani niliivunja mimi, mama," akasema. "Iliniponyoka wakati wa kuosha. Naomba unisamehe."

Mnasikia? Mtu mzima nimekwenda na maneno ya kumchinja, na yeye ananiomba msamaha wa sahani.

Msidhani nilimkumbatia. Nilimuuliza mama yake ni nani, akaniambia, nikamtukana mama yake, na marehemu baba yenu nikamtukana pia, na kama angekuwa hai ningemzika tena kwa mikono yangu. Nikatukana mpaka nikaishiwa. Kisha akanivutia ndoo nikae, na hapo ndipo aliponieleza yote. Kwamba mlimjua tangu msiba wa baba yenu, miaka sita. Kwamba nilipolazwa, wewe Bi Vioo ulimwita saluni, ukamwambia, fanya usafi siku tisa, mtunzie bi mkubwa bustani yake, akirudi tutakutambulisha kwake kwa mema yako. Akaomba ruhusa kazini. Akafua, akasugua, akapanda dari. Siku ya tisa asubuhi, akiwa amevaa gauni lake zuri tayari kunipokea, Mwalimu ukaja na karatasi uliyoiandika kwa mwandiko wako wa kujivunia, kwamba yeye si mtoto wa mtu yeyote hapa na hatadai hata tofali. Akasaini, kwa sababu mlimwambia habari zake zitanipasua moyo nikiwa na kidonda cha jicho. Moyo wangu! Tangu lini mmejua ulipo?

Na wewe, Kitindamimba, acha kutazama sakafu. Wewe ndiye uliyempakia kwenye gari kumpeleka kituoni kabla sijafika. Ameniambia ulilia njia nzima. Hao wawili ni wabaya, na ubaya wao una sura, unaweza kuutemea mate. Lakini wewe ulijua ni uovu, ukalia, na machozi yako hayakugeuza usukani. Nimekubeba miezi tisa na miaka ishirini na minane, na hiyo ya pili ndiyo iliyonichosha.

Kabla ya kumwondoa mlimpa dakika tano akusanye vitu vyake. Alikuwa amekuja na kitunguu mfukoni, zawadi ya kunikabidhi mkononi. Alipoona hatanikabidhi, akakifukia pale ukutani, akachukua kigae jaani. Nikamuuliza, haya, jina la ua lenyewe ni lipi? Akasema halina. Baba yenu alipandanisha maua mawili mwenyewe, akihamisha chavua kwa brashi ya rangi za watoto, akaandika namba tu kwenye kibao. Kumi na saba. Ndiyo hivyo, wasomi wangu. Liandikeni kwenye simu.

Sasa mali, maana naona Bi Vioo ameanza kukaa vizuri. Hati ya mahali hapa ni ya jina langu, na yule bwana aliyekuja na kamba na vigingi, mliyeambiwa anapima ukuta mpya, alikuwa mpima ardhi. Nyumba ni yenu, watatu sawasawa: vyumba, paa, sebule, na ule ufa. Sitaki mseme niliwanyima. Bustani ni yake yeye. Mwalimu, tulia, hujui bado kwa nini utakasirika. Nyumba hii imebanwa na kuta za majirani pande tatu. Bomba liko bustanini. Choo kiko bustanini. Lango liko bustanini. Wakili alinieleza kwamba hakuna sheria itakayowafungia njia wala maji, nikamwambia sitaki wafungiwe, nataka wapige hodi. Kila asubuhi, na ndoo mkononi, na wakati mwingine wakiwa na haraka ya tumbo. Na imeandikwa, msome wenyewe, kwamba atakayepita bila kumsalimia dada yake sehemu yake inakwenda kwa wengine wawili. Kwa hiyo mtachungana ninyi kwa ninyi, na kazi hiyo mnaiweza.

Yeye pia sikumpenda, mjue. Pua yake bado inanikera. Lakini nilipomwambia nampa bustani, aliuliza kama udongo wake unatuamisha maji. Hakuuliza upana.

Nipeni... hapana, Bi Vioo, keti. Nilitaka kusema nipeni maji, nikakumbuka mnapaswa kwanza kuomba. Nitakunywa huko ninakokwenda.

Yaliyobaki ni machache, na pumzi nazo... ni chache. Nikifa, Mwalimu asitoe hotuba. Kitindamimba asilie, akilia, atolewe nje. Nguo zangu zigawiwe kwa wagonjwa wa wodi, si kwa saluni. Ile karatasi mliyomsainisha niliikuta mlikoificha, nikaichana, vipande viko kwenye sufuria jikoni, mtakaotaka kuunganisha unganisheni. Na baraka yangu ni hii, inueni vichwa muipokee kama watu waliolelewa: Mungu awape umri mrefu, nyote watatu, chini ya paa hili, awape afya, na asiwapitishie hata siku moja bila kiu.

Niacheni. Mkono wangu najua kuuinua mwenyewe. Mfuko huo haujanishinda, umejaa nguo mbili. Hapo... pumzi. Hapo. Teksi haikuitwa na yeyote kati yenu, mmeiona? Aliyeiita ndiye atakayelala kwenye kiti cha wodini, yuko pale langoni kwake, na mimi sina nguvu ya kusimama kuwatazama mkijifunza kumwamkia. Mtajifunza bila mimi. Mwalimu, toa mguu kizingitini. Nafunga.